Kupima DNA ukiwa nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nairobi

Ukurasa huu ni wa watu wa Nairobi na viunga vyake wanaofikiria kununua kisanduku cha kupimia DNA, au ambao tayari wametuma sampuli na sasa wana wasiwasi. Majibu ni marefu pale ambapo watu huumia, na mafupi pale pasipo na mengi ya kusema.

Kipimo cha DNA cha nyumbani ni nini hasa?

Kinachofanyika nyumbani ni kuchukua sampuli tu. Unatema mate kwenye kichupa au unasugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, unafunga, unatuma. Kazi yenyewe ya kusoma DNA hufanywa maabara, na mara nyingi maabara hiyo iko nje ya nchi hata kama aliyekuuzia kisanduku ana ofisi mjini.

Vipimo hivi ni vya aina tatu, na watu huvichanganya mno. Kipimo cha ubaba au undugu huangalia alama chache (sehemu maalumu za DNA), kwa kawaida kati ya 16 na 24, zilizochaguliwa kwa sababu hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kipimo cha asili na ukoo husoma nafasi zipatazo 600,000 hadi 700,000 kati ya herufi takriban bilioni 3 zinazounda DNA ya binadamu. Kipimo cha afya hutumia nafasi hizohizo, ila hutafuta zile zinazohusishwa na magonjwa au na jinsi mwili unavyopokea dawa.

Tofauti hiyo ya idadi ndiyo msingi wa faragha yote. Alama 20 za ubaba karibu hazisemi chochote kuhusu afya yako. Nafasi 700,000 zinasema mengi kukuhusu, na nyingine bado hazijafasiriwa. Miaka kumi ijayo faili lilelile lenye nafasi zako huenda likasomwa na kutoa habari ambazo leo hakuna anayezijua.

Basi nianzie kipimo kipi?

Anza na swali lako, halafu uchague kipimo chembamba kuliko vyote kinacholijibu.

Mnataka kuoana na mna hofu ya selimundu? Hamhitaji kutuma mate ng'ambo. Kipimo cha damu cha aina za hemoglobini kinafanywa hapahapa, na kitawaambia kama ni AA (kawaida), AS (mbebaji) au SS (mgonjwa). Wote wawili mkiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye ugonjwa, 50 wa mbebaji kama nyinyi, na 25 wa mtoto asiyebeba kabisa. Hili si jambo dogo kwa familia zenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako malaria imekuwapo vizazi na vizazi na jeni hiyo imeenea.

Unataka kujua kama mtoto ni wako? Kipimo cha ubaba kinatosha. Hakuna sababu ya kumfungulia mtoto akaunti kwenye tovuti ya ukoo ili nafasi zake 700,000 zisomwe kwa ajili ya swali la ndiyo au hapana.

Ulilelewa na watu wengine na unatafuta wazazi wako wa damu, au babu yako alihama akapotelea Uganda, Kongo au Uingereza? Hapo kipimo cha ukoo kina faida ambayo hakuna kingine kinachoweza kuitoa, kwa sababu kinakulinganisha na mamilioni ya watu. Hapo pia ndipo faragha inapogharimu zaidi.

Nachukuaje sampuli ili isikataliwe?

Kwa kichupa cha mate: usile, usinywe, usivute sigara, usitafune miraa wala ubani kwa dakika 30 kabla. Kinachohitajika ni kama mililita 2 za mate yenyewe. Povu halihesabiki, kwa hiyo ngoja litulie ndipo uangalie kama mate yamefika mstari. Mdomo ukikauka, sugua mashavu kwa nje ukiwa umefunga kinywa. Kifuniko kikifungwa humwaga dawa ya kuhifadhi ndani ya mate. Tikisa kama maelezo yanavyosema, kwani dawa isipochanganyika bakteria huendelea kuila DNA njiani.

Kwa kijiti cha pamba: sugua kwa nguvu ya wastani ndani ya shavu kwa sekunde 30 hadi 60, huku ukikizungusha. Unatafuta seli za ngozi ya shavu, mate peke yake hayatoshi. Usishike pamba kwa vidole. Kiache kikauke hewani, mbali na jua, kisha ukitie kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki ndio unaoharibu sampuli nyingi: unyevu hubaki ndani, ukungu huota, na maabara haipati cha kusoma. Msimu wa baridi wa Julai kipe muda zaidi.

Mtoto anayenyonya asubiri walau nusu saa, afadhali saa nzima, baada ya kunyonya, na apanguswe mdomo kwa kitambaa safi chenye maji. Seli za mama zilizomo kwenye maziwa zikibaki mdomoni huleta matokeo ya watu wawili waliochanganyika.

Kosa jingine la kawaida ni bahasha kubadilishana. Sampuli za watu watatu zikichukuliwa kwenye meza moja kwa haraka, mtu huandika jina la huyu kwenye ya yule. Andika majina kabla ya kufungua vijiti, maliza mtu mmoja, funga, ndipo umwite mwingine.

Kama uliwahi kupandikizwa uboho, usitumie mate. Damu yako sasa inatengenezwa na seli za aliyekuchangia, na seli hizo huingia kwenye mate. Matokeo yatakuwa yake au mchanganyiko wenu.

Ukituma kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi, waambie wazi kwamba ni sampuli ya binadamu. Kawaida hutakiwa tabaka tatu: chombo kisichovuja, mfuko wa pili usiovuja wenye kitu cha kunyonya majimaji, na boksi la nje. Kifurushi kilichoandikwa "nyaraka" kinaweza kufunguliwa na kukwama.

Matokeo ya ubaba husomwaje?

Kila alama ina namba mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Chukua mstari mmoja wa ripoti, alama iitwayo D8S1179. Mtoto ana 12 na 14. Mama ana 12 na 13. Basi 12 ya mtoto imetoka kwa mama, na 14 lazima imetoka kwa baba. Mwanamume anayepimwa akiwa na 14 na 15, mstari huu unamkubali. Akiwa na 11 na 13, mstari huu unamkataa.

Mstari mmoja ukikataa, maabara makini haitangazi kwamba si baba, maana namba huweza kubadilika kwa mabadiliko ya kawaida ya vinasaba. Itaongeza alama. Ikikuta mbili, tatu au zaidi zinakataa, ndipo huandika asilimia 0. Zote zikikubali, ripoti husema 99.99 au zaidi. Haitasema 100, kwa kuwa hesabu hiyo humlinganisha mwanamume huyo na mtu mwingine yeyote asiye ndugu yake.

Hapo kwenye "asiye ndugu yake" pana hatari. Kama kuna uwezekano kwamba baba ni kaka wa anayepimwa, iambieni maabara mapema. Ndugu wa tumbo moja hushiriki takriban nusu ya DNA, na kipimo cha alama chache kinaweza kumkubali asiyehusika. Mapacha wanaofanana kabisa hawatenganishwi kwa kipimo hiki. Sampuli ya mama si lazima, lakini ikiwepo majibu huwa na nguvu zaidi.

Je, mahakama itaupokea mtihani niliofanya nyumbani?

Usiutegemee. Kasoro haiko maabara, iko sebuleni kwako: hakuna mtu huru anayeweza kuapa kwamba kijiti kile kilitoka kwenye shavu la mtoto yule. Kipimo cha kisheria huhitaji vitambulisho, picha, saini, shahidi anayechukua sampuli mwenyewe, na kumbukumbu ya kila mkono uliopokea bahasha. Kesi za matunzo na mirathi Nairobi mara nyingi hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali au KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kwa amri ya mahakama. Kama unajua jambo lenu litafika kortini, ruka kipimo cha nyumbani, usilipe mara mbili.

Kuhusu mirathi kuna jambo ambalo familia nyingi hulijua zikiwa zimeshachelewa. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Urithi kinamhesabu pia kuwa mtoto wa marehemu yule aliyemtambua waziwazi, au aliyemkubali kwa vitendo, au aliyechukua kwa hiari jukumu la kudumu la kumlea. Mtu anaweza kupima, akathibitisha kwamba kifungua mimba si damu ya marehemu, na bado mtoto huyo akarithi. Atakuwa amewavunja moyo watoto wote bila kupata hata kipande cha shamba.

Naweza kumpima mtoto bila mama yake kujua?

Tunashauri usifanye hivyo, na sababu ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka data za mtoto zishughulikiwe kwa ridhaa ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda haki na maslahi yake. Mwanamume anayeshuku kwamba yeye si baba yuko mahali pagumu: swali analouliza ndilo linaloamua kama alikuwa na mamlaka ya kutoa ridhaa hiyo. Mswaki wa mkeo au nywele za mtu mzima mwingine pia ni data zake, si zako.

Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data haichukulii data za watoto kirahisi. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na hizo ni picha tu.

Njia iliyonyooka ni mbili: mkubaliane mkapime pamoja, au uombe amri ya mahakama ya watoto.

Anayedaiwa kuwa baba ameshafariki. Inawezekana?

Ndiyo, kwa njia kadhaa. Wazazi wake wakiwa hai, babu na bibi wote wawili wakipimwa hutoa jibu zuri sana. Wakiwa hawapo, ndugu zake au watoto wake wanaojulikana hupimwa, ingawa uhakika hushuka. Kwa mtoto wa kiume, kromosomu Y (sehemu ya DNA ambayo baba humpa mwana wa kiume tu) hulinganishwa na ya kaka au baba wa marehemu. Ikifanana inathibitisha kwamba wametoka mstari mmoja wa wanaume, lakini haisemi baba ni yupi kati ya ndugu hao. Mwili ukiwa bado mochari, ombeni sampuli kabla ya mazishi, kwa amri ya mahakama familia zisipoelewana. Hospitali aliyofanyiwa upasuaji huenda imehifadhi kipande cha nyama kilichopelekwa uchunguzi. Kufukua kaburi kuwe mwisho kabisa.

Kipimo cha asili kitaniambia kabila langu?

La, si kwa namna unayotarajia. Kampuni hulinganisha DNA yako na makundi ya watu iliyonayo kwenye kumbukumbu zake, na Afrika Mashariki ina watu wachache humo. Katika hazina za wazi zinazotumiwa na wanasayansi dunia nzima, Wakenya wanaojulikana zaidi ni Waluhya wa Webuye, waliosomwa kwenye mradi wa jenomu 1,000 (jenomu ni DNA yote ya mtu), na Wamaasai wa Kinyawa, waliosomwa kwenye mradi wa HapMap. Kampuni zina data zao nyingine, lakini usishangae Mkikuyu wa Kiambu akipewa asilimia kubwa ya "Kibantu cha Afrika Mashariki" na sehemu inayoelekea Ethiopia na Somalia. Kihistoria si uongo. Jamii zetu zimeoana na Wakushi na Waniloti kwa karne nyingi. Ila asilimia hizo ni makadirio, na hubadilika kampuni inapoboresha hesabu zake, bila DNA yako kubadilika hata chembe.

Kwa watu wa Pwani, picha bora zaidi imetoka kwenye makaburi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulisoma DNA ya watu wa kale kutoka maeneo kama Mtwapa, Manda na Kilwa, ukakuta wengi wana asili ya Kiafrika iliyotoka zaidi kwa wanawake na asili ya Kiasia, hasa ya Kiajemi, iliyotoka zaidi kwa wanaume, ikianza kuchanganyika yapata mwaka 1000.

Ripoti ya afya inaaminika kiasi gani?

Kuna hatari mbili, na zinavuta pande tofauti.

Ya kwanza ni kutulizwa bure. Mwaka 2018 Marekani iliiruhusu 23andMe, kampuni ya vipimo vya nyumbani, kuwauzia watu moja kwa moja ripoti ya jeni za BRCA, zinazohusiana na saratani ya matiti na ovari. Ripoti ile iliangalia mabadiliko matatu tu, yaliyo ya kawaida kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki. Mabadiliko ya BRCA yanayojulikana ni maelfu. Orodha imepanuliwa tangu hapo, lakini mwanamke wa Kayole ambaye mama yake na shangazi yake waliugua saratani ya matiti bado hawezi kujiona salama kwa jibu la "haikuonekana". Aende kliniki ya saratani, asomewe jeni nzima kama daktari ataona inafaa, na aendelee kuchunguzwa.

Ya pili ni kutishwa bure. Watu huchukua faili ghafi, yaani orodha ya herufi zao za DNA, na kulipeleka kwenye tovuti za kufasiri magonjwa. Utafiti wa mwaka 2018 uliofanywa na maabara ya kitabibu ulipima upya mabadiliko yaliyotajwa kwenye mafaili kama hayo, ukakuta asilimia 40 hayakuwepo kabisa. Usiache dawa, usianze dawa, wala usikatwe kiungo kwa ripoti ya nyumbani. Kila jibu zito lirudiwe kwenye maabara iliyosajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, na ikiwezekana yenye ithibati ya KENAS, shirika la ithibati la Kenya, kwa kiwango cha ISO 15189.

Faida ipo, hatuikatai. Mtu aliyegundua kwamba ni mbebaji wa jambo fulani hupata muda wa kujipanga. Lakini faida hiyo huja pale ripoti inapompeleka kwa daktari.

Nani anaweza kuona data zangu?

Kampuni yenyewe na maabara yake, kwanza. Halafu washirika wa utafiti, kama uliweka alama kwenye kisanduku cha ridhaa ya utafiti. Mwaka 2018 kampuni ya dawa ya GSK iliwekeza dola milioni 300 katika 23andMe, na kilichoivutia ni hazina hiyo ya data.

Kisha wezi. Mwaka 2018 MyHeritage, tovuti ya ukoo, ilitangaza kwamba anwani za barua pepe za watumiaji milioni 92 zilivuja pamoja na maneno ya siri yaliyofumbwa. DNA ilikuwa kwenye mfumo mwingine na haikuguswa. Mwaka 2023 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wadukuzi walichukua maneno ya siri yaliyoibwa kwenye tovuti nyingine, wakayajaribu kwenye 23andMe, na wakaingia kwenye akaunti kama 14,000 za watu waliokuwa wakitumia neno lilelile kila mahali. Kupitia kipengele cha kutafuta jamaa, wakakusanya habari za watu wapatao milioni 6.9. Wengi kati yao walikuwa na maneno ya siri imara. Kosa lilikuwa la jamaa zao wa mbali.

Halafu mnunuzi. Machi 2025 23andMe hiyohiyo iliwasilisha ombi la kufilisika, na data za wateja zaidi ya milioni 15 zikawa sehemu ya mali inayouzwa. Zilichukuliwa na TTAM Research Institute, shirika lisilo la faida linaloongozwa na mwanzilishi Anne Wojcicki, kwa dola milioni 305. Ahadi ya faragha unayoisoma leo ina nguvu kadiri kampuni inavyoendelea kusimama.

Na polisi. Aprili 2018 Joseph James DeAngelo alikamatwa California kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980. Hakuwahi kutuma DNA yake popote. Jamaa zake wa mbali walikuwa wameweka zao kwenye tovuti ya GEDmatch, na wapelelezi wakajenga mti wa ukoo hadi wakamfikia.

Kwa hiyo nikipima, nimewapima na ndugu zangu?

Ndiyo, kwa kiasi. Unashiriki takriban asilimia 50 na kila mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja, 25 na ndugu wa kambo wa damu, babu, bibi, mjomba, shangazi au ami, 12.5 na binamu wa kwanza. Tovuti haitakuandikia "huyu ni mtoto wa nje wa babako". Itakuandikia kiasi cha DNA mnachoshiriki na orodha ya uwezekano. Mtu wa asilimia 25 asiyejulikana na yeyote nyumbani, mwenye umri sawa na wako, ndiye anayeanzisha mkutano wa familia Krismasi.

Ndiyo maana tunasema zungumzeni kabla. Waulize wazazi wakiwa hai, kwa heshima: "Mama, nataka kupima, kuna jambo ungependa nilisikie kwako kwanza?" Hilo humpa mama nafasi ya kusema mwenyewe, badala ya kusemewa na simu. Na kama ndugu yako hataki jina lake lionekane kwenye mti wa ukoo mtandaoni, liache.

Sheria ya Kenya inanilinda vipi?

Kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data inazitaja data za vinasaba kuwa data nyeti, na inazibana hata kampuni zisizo na ofisi hapa, mradi zinashughulikia data za watu walio Kenya. Data nyeti hazitolewi nje ya nchi bila ridhaa yako na uthibitisho wa kinga zinazofaa. Una haki ya kuona walichonacho, ambapo kanuni za 2021 zinawapa siku 7 kujibu, na kuomba kifutwe, siku 14. Data zikivuja, kamishna aarifiwe ndani ya saa 72.

Mahakama pia zimesema. Januari 30, 2020, kwenye kesi ya Huduma Namba, mpango wa kitambulisho cha kidijitali, iliyoanzishwa na Nubian Rights Forum na wenzao, Mahakama Kuu ilizuia serikali kukusanya DNA za wananchi. Mei 2025 ikaamuru data za kibayometriki zilizokusanywa na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ule uliopanga watu foleni KICC wakaguliwe macho mwaka 2023, zifutwe.

Udhaifu upo kwenye utekelezaji. Hukumu ya Nairobi ni ngumu kuifikisha kwenye seva iliyoko Texas.

Bima au mwajiri anaweza kunibagua?

Marekani ina sheria ya mwaka 2008, GINA, inayokataza bima ya afya na waajiri kutumia habari za vinasaba, lakini haigusi bima ya maisha, na haivuki mpaka kuja kwetu. Hapa una Kifungu cha 27 cha Katiba kinachokataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya, asili au kuzaliwa, na kinawabana hata watu binafsi. Makato ya SHA, bima ya afya ya serikali, ni asilimia 2.75 ya mshahara bila kujali afya yako. Tahadhari iko kwenye bima binafsi ya maisha au ya afya: fomu ikiuliza kuhusu vipimo ulivyofanya, kudanganya kunaweza kubatilisha bima yote. Kama unapanga kununua bima ya maisha, nunua kabla ya kupima.

Nikiamua kupima, nifungue akaunti vipi?

Tumia barua pepe mpya isiyo na jina lako, na neno la siri ambalo hujalitumia popote. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kwa programu ya kutoa namba badala ya SMS, kwani laini za simu hubadilishwa na matapeli. Weka jina la kifupi, mwaka wa kuzaliwa bila tarehe, na usiweke mji. Kipengele cha kutafuta jamaa kizime hadi utakapokihitaji. Ridhaa ya utafiti na ya kuhifadhi sampuli ni visanduku viwili tofauti. Visome kimoja kimoja. Ukilipa kwa M-Pesa, jina lako linabaki kwenye muamala, hivyo usidhani umefichika kwa muuzaji.

Faili ghafi lina nini, na nilipeleke kwingine?

Ni maandishi matupu: mistari laki kadhaa, kila mmoja ukiwa na jina la nafasi, namba ya kromosomu, mahali, na herufi zako mbili. Mfano, nafasi ya selimundu ni rs334, kromosomu 11, mahali 5248232 kwenye ramani ya toleo la 37. TT ni kawaida, AT ni mbebaji, AA ni ugonjwa (hizi ni herufi za DNA, usizichanganye na AA ya kipimo cha hemoglobini). Kampuni nyingine huipa namba yao ya ndani. Yeyote aliye na faili hili anaweza kukisoma hicho kwa sekunde chache, bila utaalamu wowote.

Kwa hiyo usiliache kwenye kompyuta ya saiba, usilitume kwa WhatsApp, na kila tovuti unayolipeleka ihesabu kuwa nakala ambayo utalazimika kuifuta mwenyewe.

Nataka kufuta kila kitu. Nifuate mpangilio gani?

Kwanza pakua faili ghafi na ripoti unazotaka kubaki nazo, uziweke kwenye kifaa kilichofungwa kwa neno la siri. Pili ondoa ridhaa ya utafiti. Tatu omba sampuli yenyewe iharibiwe, kwa maana kufuta akaunti wakati mwingine hakugusi mate yaliyoko kwenye friza. Nne futa data na akaunti, halafu fungua barua pepe ubonyeze kiungo cha kuthibitisha. Wengi huishia kabla ya hapo na akaunti inabaki hai. Tano rudia kwenye kila tovuti uliyopeleka faili.

Baadhi ya vitu havirudi. Utafiti uliokwisha kufanywa hauondolewi data zako, na maabara za Marekani hulazimika kisheria kuhifadhi kumbukumbu fulani za kipimo.

Kampuni imenipuuza. Nifanye nini?

Andika ombi kwa barua pepe ukitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, unachotaka, na tarehe. Piga picha za skrini za kila hatua, pamoja na namba ya kisanduku chako. Siku 14 zikipita bila kufutiwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti yao au ofisini kwao Upper Hill. Yanaweza kupokelewa hata kwa mdomo, nao wayaandike. Sheria inawapa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Adhabu ya juu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo, na ukiwa umepata hasara unaweza kudai fidia. Ambatisha nakala ya masharti uliyoyakubali siku ya kununua, kwa kuwa masharti yaliyoko kwenye tovuti leo huenda si yale uliyotia saini.